Kona Moja, Mara Sabini

Ukishuka kutoka Soni kwenda Mombo, mkoani Tanga, ipo kona ya kushoto ambayo kwa juu unaiona nyepesi, lakini ukishaingia ndani inazidi kujikunja. Kushoto kwako ni ukuta wa mwamba unaochuruzika maji wakati wa masika. Kulia ni ukingo mfupi, na baada ya ukingo ni bonde. Hapo ndipo nilipoanguka na binamu yangu mwaka 2011, saa nne asubuhi, lami kavu, kweupe kabisa, kwa pikipiki ya cc 125 isiyo na ubovu wowote. Nalitaja hilo la ubovu kwa sababu kwa miaka mingi, watu waliponiuliza, nilikuwa nasema breki zilinigomea. Hazikugoma.

Nilikuwa na miaka 22. Tulipofika katikati ya kona, lori la kabichi likachomoza kutoka chini, likipanda taratibu. Lilikuwa upande wake, halikuvuka mstari hata kidogo. Mimi nilikuwa na nusu nzima ya barabara, tupu. Lakini macho yangu yaliganda kwenye bampa ya lile lori, na pikipiki ikaanza kulielekea. Nikaachia mafuta ghafla, nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote, tairi la nyuma likafunga na kuanza kufyagia lami. Tulianguka kwa ubavu, tukaburuzika mpaka kwenye mstari wa katikati. Binamu alivunjika mtulinga. Mimi nilichunika kiwiko na goti.

Dereva wa lori aliwahi kusimama. Aliteremka, akatusaidia kukaa, akaisukuma pikipiki pembeni, kisha akanitazama na kuniuliza kwa upole, "Kijana, upande wako wote ule ulikuwa mtupu. Kwangu ulikuwa unafuata nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa na swali lile miaka 11.

Muda wote huo niliamini kosa langu lilikuwa mwendo. Kwa hiyo nikawa naendesha polepole, na bado kila kona ilinikaza tumbo. Mwendo mdogo unapunguza maumivu ukianguka, hilo halina ubishi, lakini haukunifundisha kitu chochote kuhusu mikono yangu wala macho yangu. Niliendelea kufanya makosa yaleyale, ila kwa kilomita 30 kwa saa badala ya 50.

Mwaka 2016 nilihamia Uingereza, mkoa wa Kent, nikapata kazi ya zamu za usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Basi la mwisho lilikuwa halinifikishi, gari sikuwa na uwezo nalo, nikarudi kwenye pikipiki. Leseni ya kule inapatikana kwa hatua: kuna mafunzo ya awali, mtihani wa maswali, mtihani wa uwanjani na mtihani wa barabarani. Kwenye ule wa uwanjani wanakutaka ufike kilomita 50 kwa saa, kisha ukwepe kizuizi na kusimama mahali palipopangwa. Mwalimu alinishangaza pale aliponiambia kwamba nikitaka kwenda kushoto nisukume mkono wa kushoto wa usukani mbele. Nilidhani amekosea. Nilijaribu, pikipiki ikalala kushoto papo hapo. Nilikuwa nimeendesha pikipiki tangu nikiwa na miaka 16, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Nilikuwa nafanya bila kujua, na usichokijua huwezi kukifanya kwa makusudi siku unapokihitaji.

Nilifaulu, nikanunua Suzuki SV650 iliyotumika. Lakini barabara za vijijini Kent zina ua wa miti pande zote mbili, kila kona umezibwa usione mbele, na msimu wa majani kupukutika kuna tope la matrekta na majani yaliyolowa. Tumbo likakaza upya. Mfanyakazi mwenzangu mmoja, mwendeshaji wa siku nyingi, ndiye aliyeniambia niende Brands Hatch, kwenye siku ambazo uwanja wa mbio unafunguliwa kwa watu wa kawaida. Nilimjibu kwamba mimi si mtu wa mbio, nina watoto wawili. Akasema, "Kule hakuna trekta. Hakuna mti, hakuna lori linalokuja usoni, na daktari yuko palepale. Wewe mwenye watoto ndiye unayepaswa kwenda."

Nikaenda, mwaka 2022. Brands Hatch ni uwanja wa zamani, ulianza kama njia ya pikipiki kwenye nyasi, ukawekewa lami mwaka 1950. Njia fupi, wanayoiita Indy, haifiki kilomita mbili, nayo imejilaza ndani ya bonde kama bakuli, ukisimama kwenye kingo unaiona karibu yote. Sehemu moja imepewa jina la John Surtees, mtu pekee aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa pikipiki na pia wa magari ya Formula 1. Mlima mfupi katikati umepewa jina la Mike Hailwood, bingwa mwingine wa pikipiki. Nilikuwa napita juu ya majina hayo na pikipiki niliyozoea kwendea kazini.

Niende haraka kwenye taratibu za asubuhi. Unaonyesha leseni, unasaini karatasi kwamba unaelewa hatari, wanapima sauti ya bomba la moshi. Mavazi ni ya ngozi, kama ni vipande viwili lazima viungane kwa zipu. Unafunika vioo vya pembeni kwa utepe wa gundi, kwa sababu siku hiyo walio nyuma yako hawakuhusu, wao ndio wanaopaswa kukukwepa. Halafu mnakaa chini mnafundishwa bendera: ya njano kuna hatari mbele, usiovateki, nyekundu wote punguzeni mwendo mrudi ndani, nyeusi ni wewe peke yako unaitwa, ya mraba mweusi na mweupe kipindi kimekwisha. Mnagawanywa makundi matatu, wanaoanza, wa kati na wenye kasi, kila kundi linaingia dakika 20 na kupumzika dakika 40. Jambo moja nalisisitiza kwa yeyote anayefikiria kwenda: bima ya kawaida ya barabarani kwa kawaida haigusi uwanjani. Ukiivunja pikipiki umeivunja mwenyewe.

Mizunguko ya kwanza tuliongozwa na walimu, hakuna kumpita mtu. Kona ya kwanza ya Brands Hatch inaitwa Paddock Hill. Ni ya kulia, na unaifikia ukiwa juu ya kilele, kwa hiyo unapoanza kulaza pikipiki huoni mwisho wake. Kisha ardhi inaondoka chini yako. Unateremka kama umetupwa kisimani, chini kabisa shokapu zinabonyea, halafu unapandishwa kilima cha Hailwood kuelekea kona ya Druids. Mara ya kwanza nilipofika pale nilirudi Soni. Pumzi ilikata, mikono ikakakamaa, macho yakashuka mpaka kwenye lami iliyo mita chache mbele ya tairi.

Mwalimu wangu alikuwa mama mmoja wa makamo aliyevaa kizibao cha rangi ya machungwa. Alinifuata kwa nyuma mizunguko miwili, kisha tukakutana kwenye eneo la kupumzikia.

"Pale juu ya Paddock ulikuwa unatazama nini?"

"Lami."

"Lami ipi?"

"Iliyo mbele ya tairi."

"Hiyo huwezi kuifanya lolote tena," akasema. "Ubongo wako ukiiona, tairi limeshapita."

Kisha akaniambia nikae kwenye pikipiki, injini imezimwa, nishike usukani kama ninavyoshika nikiwa kwenye kona. Nikashika. Akanigusa kiwiko kwa vidole viwili, akakisukuma juu. Hakikwenda. Kilikuwa kigumu kama mpini wa jembe. Akaniambia nibane tangi kwa magoti, hasa goti la upande wa nje wa kona, mpaka nihisi mapaja yanafanya kazi. Nikabana. Akakigusa kiwiko tena, safari hii kikapepea chenyewe. Sikuwa nimeambiwa nilegeze mikono. Nilipopata pa kujishikiza kwa miguu, mikono ilijilegeza. Kumbe miaka yote nilikuwa naning'inia kwenye usukani, na kila woga ulionipata mwilini ulikuwa unateremka kwenye mikono na kuingia kwenye tairi la mbele.

Alinipa kazi moja tu kwa kipindi kilichofuata: macho. Nisijali mwendo wala gia, wala nani kanipita. Nikishamaliza kufunga breki, nitafute ukingo wa ndani wa kona kwa macho. Kabla sijaufikia, niuache, niinue uso nitafute kilima cha mbele. Kuuacha ndiko kugumu. Macho yanataka kung'ang'ania pale yanapoogopa. Mzunguko wa kwanza nilishindwa, wa pili nikashindwa. Wa tano au wa sita niliinua kidevu kabla ya wakati ambao woga ulikuwa unaniruhusu, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekitarajia: kona ilipungua kasi. Ukitazama karibu, lami inakukimbilia kama maji ya mto. Ukitazama mbali, mwendo uleule unakuwa mtulivu, unapata nafasi ya kufikiri. Pikipiki ikazunguka yenyewe kuelekea kule uso ulikokuwa umeelekea.

Ndani ya helmeti nilimjibu yule dereva wa lori, kwa sauti. Nilikuwa nafuata macho yangu, mzee wangu.

Kipindi kilichofuata kazi ilikuwa mafuta. Mwisho wa mzunguko kuna kona ndefu ya kulia inayokuingiza kwenye njia ndefu iliyonyooka, ni nzuri sana kwa somo hili kwa sababu unakaa umelala muda wa kutosha kusikia pikipiki inakwambia nini. Ukiachia mafuta ghafla ukiwa umelala, uzito unakimbilia mbele, shokapu za mbele zinabonyea, tairi la mbele linabebeshwa mzigo huku bado lina kazi ya kugeuka, na la nyuma linabaki jepesi. Ukikanyaga breki ya nyuma wakati huohuo, lile tairi jepesi linafunga. Hiyo ndiyo hadithi nzima ya Soni. Ukifungua mafuta kidogo kidogo tangu pikipiki ilipokubali mlalo, uzito unagawanyika vizuri na pikipiki inatulia kama mtu aliyekaa kitako. Niliambiwa nifikirie mshiko wa tairi kama fedha ya mfukoni: ni ileile moja, unaweza kuinunulia breki au kuinunulia kona, na ukitaka vyote viwili kwa wakati mmoja lazima ugawe kwa uangalifu. Kwa hiyo breki tunazimaliza mapema, na kama bado umezishika unapoanza kulala, unaziachia taratibu kadiri unavyolala.

Kabla ya chakula cha mchana bendera nyekundu ilipepea. Mtu wa kundi letu alikuwa ameanguka kwenye kona ya Graham Hill, ya kushoto. Alitembea mwenyewe mpaka kwenye gari la huduma, ameshika kifundo cha mkono. Mwalimu alitueleza kilichomtokea nami sijakisahau. Ile njia fupi kona zake nyingi ni za kulia. Unazunguka weee, upande wa kulia wa tairi unapata moto, wa kushoto unakaa baridi. Unafika kona ya kushoto ukiwa na imani uliyoipata kulia, unalaza vilevile, tairi linakunyima. Tangu siku hiyo asubuhi za baridi nikitoka kazini naendesha dakika kumi za kwanza kana kwamba kumenyesha, hata kama lami ni kavu.

Mchana niliendelea na somo moja kila kipindi. Kusukuma usukani mara moja kwa uhakika, badala ya kuingia kona kwa kurekebisharekebisha. Kuchelewa kuingia: kukaa nje zaidi, kusubiri mpaka kona ijifungue niione, ndipo nilaze. Kile kishawishi cha kukata mapema kinaonekana salama kwa sababu kinakuondoa ukingoni haraka, lakini kinakutupa nje mwishoni, pale ambapo Paddock ina kokoto na Soni ina bonde.

Baada ya kipindi cha tano nilikosa alama yangu ya kufunga breki mara mbili. Mwili haukuwa unauma, sikuhisi uchovu, ila macho yalikuwa yameanza kushuka tena. Nikavua glavu. Kipindi cha sita sikuingia, japo nilikuwa nimelipa zaidi ya pauni 100 na fedha hiyo niliisotea. Mwenzangu wa kazini, aliyekuja kunitazama, alisema huo ndio uamuzi bora nilioufanya siku nzima, nami nakubaliana naye.

Jioni nilipiga hesabu. Nilikuwa nimepita Paddock Hill karibu mara 70. Hili ndilo linalonifanya niandike. Barabarani kila kona unaipita mara moja, ukikosea hujui umekosea nini, na inayofuata ina umbo jingine, lami nyingine na gari jingine linakuja. Hakuna anayejifunza kuandika kwa kupewa kila dakika herufi mpya. Pale nilipewa herufi moja mara 70, nibadilishe kitu kimoja, nione tofauti, nirudie.

Nimerudi mara tano tangu mwaka ule wa 2022, na nimeona jambo linalonisikitisha. Wapo wanaotoka uwanjani wakaenda na mwendo wa uwanjani barabarani. Uwanjani natumia upana wote wa lami. Barabarani nina nusu yake tu, na hata hiyo nusu siimalizi. Sisi tunaotembea kushoto, kwenye kona ya kulia nakaa upande wa kushoto wa njia yangu, naona mbali zaidi, na pikipiki ikilala kichwa changu hakivuki mstari wa katikati. Kichwa kinaingia upande wa magari yanayokuja kabla ya tairi, na wengi hawalijui hilo. Kwenye kona ya kushoto nasogea katikati kidogo nipate kuona, lakini likitokea gari narudi ndani. Na popote pale, mwendo wangu ni ule unaoniruhusu kusimama ndani ya kipande cha barabara ninachokiona. Nilichobeba kutoka uwanjani ni akiba. Nikikuta kona inazidi kujikunja, najua pikipiki inaweza kulala zaidi ya ninavyoilaza, najua mkono gani wa kusukuma, na najua niyapeleke macho wapi.

Mwaka 2024 nilikwenda nyumbani Lushoto. Mpwa wangu, mtoto wa dada, ana miaka 20 na anaendesha bodaboda. Anapandisha abiria na magunia barabara ileile. Tanga hakuna Brands Hatch, na sikutaka kumhubiria. Nilimwambia tu, "Mjomba, nipe asubuhi moja," tukaenda uwanja wa mpira kabla vijana hawajafika. Tulijaza mchanga chupa za maji, tukazipanga. Alizunguka kwa umbo la namba nane, polepole, uso ukitangulia. Kisha akafanya breki ya mbele na ya nyuma kwa pamoja, akibana polepole na kuongeza, mpaka akaacha kuiogopa ya mbele. Bodaboda wengi wanaiogopa ya mbele, nami niliiogopa, na hiyo ya mbele ndiyo yenye nguvu kubwa ya kusimamisha. Vumbi halifundishi yote ambayo lami inafundisha. Lakini alipiga mizunguko mingi, mahali ambapo kuanguka ni kuchafua suruali tu.

Binamu alikuja kutazama, akakaa kwenye jiwe, bega lake la kulia limeshuka kidogo mpaka leo. Mwishoni akaniita pembeni akaniambia, "Mpeleke pale."

Tukashuka watatu na pikipiki mbili mpaka kwenye kona yetu. Tuliegesha mbali, mahali penye nafasi, tukaitembea kona kwa miguu, tumejibana kwenye ukuta wa mwamba. Nilimwonyesha mpwa mahali inapoanza kujikunja, mahali maji yanapovuka lami, mahali ambapo mtu anayekuja kutoka juu anaanza kuona chini. Tulipokuwa pale lori la viazi likatokea likipanda, na nikamwona mpwa analikodolea macho, shingo inalifuata. Nikamshika kidevu, nikakigeuza taratibu kushoto, kule barabara inakoendelea. Hakusema kitu. Binamu naye hakusema kitu.

Kisha mpwa akarudi juu kuchukua pikipiki, peke yake, bila abiria. Mimi na binamu tulibaki ukutani. Tulimsikia anafunga breki mapema, kabla ya kona, mlio wa injini ukashuka, kimya kidogo, kisha mafuta yakafunguka pole, bila kukatika. Alitupita kwa mwendo wa kawaida kabisa. Lori jingine lilikuwa linapanda, nalo likampita kwa upande wake. Helmeti yake ilikuwa imegeukia kushoto, kule barabara ilikokuwa inakwenda.